Tumbo, miguu na mikojo: alama zinazoonya mapema juu ya moyo na figo

Kwenye avenyu nyingi za Goma, Bukavu, Uvira, Beni ama Bunia, wako watu wawili ambao majirani huwahukumu kwa macho tu. Wa kwanza ni papa wa miaka 50 hivi, tumbo limetangulia mkanda na vifungo vya shati vimekaza. Watu husema: "Huyu amekula feza, iko na afya." Wa pili ni bibi wa miaka 65. Nguo zake zimekuwa pana, akitoka soko anapumzika mara mbili njiani, na kuinuka kwenye kiti kifupi ni lazima ashike ukuta. Kwake watu husema: "Ni uzee tu, mumuache apumzike."

Mara nyingi majirani wamekosea kwa wote wawili. Tumbo la yule papa linaweza kuwa alama ya kwanza ya ugonjwa wa moyo. Miguu mizito ya yule bibi inaweza kuwa habari ya figo ambazo zimeanza kuchoka. Wala papa wala bibi hasikii maumivu, kwa hiyo hakuna anayeenda kupimwa.

Wanganga wa moyo na wa figo wanazidi kuziangalia alama hizo mbili pamoja. Ya kwanza ni namna mwili unatumia sukari, mafuta na chumvi. Ya pili ni udhaifu wa mwili, maana yake nguvu inayopungua. Zote mbili huonekana mbele ya maumivu, na kuzipima hakuombi mashini kubwa. Kamba, saa ya telefone, mashini ya tansyo na kijikaratasi cha kupima mikojo vinatosha kwa kuanza.

Kwa wakaaji wa mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Figo zikiisha kufa kabisa, mgonjwa anahitaji mashini ya kusafisha damu, dialize, kwa kawaida mara tatu kwa juma na karibu saa nne kila mara. Anaendelea hivyo maisha yake yote, kama hakupata figo ya kupandikizwa. Mashini hizo ziko katika hospitali chache za miji mikubwa. Kwa mtu anayeishi Masisi, Fizi ama Djugu, safari ya kufika huko peke yake inaweza kumaliza feza ya jamaa. Ndiyo maana kugundua mapema si anasa. Kwa watu wengi ndiyo dawa pekee wanayoweza kuifikia.

Chakula kikiingia, kinaenda wapi?

Mtu akikula bugali, makemba, mkate ama wali, chakula kinageuka sukari ndani ya damu. Kiungo kimoja kilicho nyuma ya tumbo, kinachoitwa kongosho, kinatoa insulini, na insulini inafungulia sukari mlango wa kuingia ndani ya misuli na viungo vingine. Misuli ndiyo gala kubwa. Mtu mwenye misuli inayofanya kazi anapokea sukari mingi bila shida.

Mambo yanaharibika wakati mafuta yanarundikana ndani ya tumbo, kuzunguka maini na matumbo. Mafuta hayo hayalali tu. Yanatoa vitu vinavyoingia katika damu, vinafanya insulini isisikilizwe vizuri na mishipa ya damu ikakamae. Kongosho inajikaza kutoa insulini zaidi. Kisha sukari inapanda kidogo, mafuta mabaya ya damu yanapanda, tansyo nayo inafuata.

Kuna alama tano ambazo wanganga wanahesabu. Ya kwanza ni mzunguko wa kiuno, kuanzia sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Ya pili ni tansyo kuanzia 130 kwa 85, ile inayosemwa "13 kwa 8 na nusu". Ya tatu ni sukari ya asubuhi, mbele ya kula, kuanzia miligramu 100 kwa desilita. Ya nne ni mafuta ya damu yanayoitwa trigliseride, kuanzia miligramu 150. Ya tano ni mafuta mazuri, HDL, yakiwa chini ya 40 kwa mwanaume ama chini ya 50 kwa mwanamke. Mwenye alama tatu kati ya hizo tano anasemwa kuwa na sindromu ya metaboliki.

Namba hizo ziko chini ya zile za ugonjwa wenyewe. Ugonjwa wa sukari unahesabiwa kuanzia 126 asubuhi mbele ya kula, na tansyo ya ugonjwa kuanzia 140 kwa 90. Mtu mwenye sukari 108 na tansyo 13 kwa 8 na nusu anaweza kuambiwa "si mbaya sana" na kurudi nyumbani akifurahi. Lakini tumbo, sukari kidogo na tansyo kidogo vikikaa pamoja miaka 10, vinakula mishipa pole pole.

Moyo na figo vinavyoburutana

Mtu ana figo mbili, kila moja karibu ukubwa wa ngumi. Ndani ya kila moja kuna vichungi vidogo sana, karibu milioni moja, vilivyotengenezwa na mishipa myembamba ya damu. Kila siku figo zinachunga karibu litre 180 za maji ya damu. Karibu yote yanarudishwa mwilini. Litre moja ama mbili tu zinatoka kama mikojo.

Sukari na tansyo vinaumiza vile vichungi. Kichungi kikipasuka, proteini inayoitwa albumini, ambayo ingepaswa kubaki ndani ya damu, inaanza kuvuja katika mikojo. Wakati huo mtu hasikii kitu. Anakojoa kama kawaida, hana uchungu mgongoni. Figo inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake na mwenyewe akaendelea kubeba mizigo na kwenda shamba.

Kisha inakuwa mduara. Figo iliyochoka inabakisha chumvi na maji mwilini, na tansyo inazidi. Moyo unasukuma damu kwa nguvu kupita kawaida, ukuta wake unakuwa mnene, na mwisho unachoka. Moyo ukichoka, damu inayofika kwenye figo inapungua, nazo figo zinazidi kuumia. Wengi wenye ugonjwa wa figo hawafiki hata kwenye dialize: moyo ama AVC inawaua mbele.

Kunako mwezi wa kumi 2023, shirika la wanganga wa moyo la Marekani, American Heart Association, lilianza kutumia jina moja kwa magonjwa haya ya moyo, figo na metaboliki, likayapanga kwa ngazi kuanzia 0 hadi 4. Ngazi ya 0 ni mtu asiye na alama yoyote. Ngazi ya 1 ni tumbo kubwa ama sukari iliyoanza kupanda. Ngazi ya 2 ni tansyo, ugonjwa wa sukari, trigliseride iliyopanda ama figo iliyoumia. Ngazi ya 3 ni moyo ulioharibika bila mwenyewe kujua. Ngazi ya 4 ni mshtuko wa moyo, AVC ama moyo kushindwa kazi. Faida ya ngazi hizi ni kwamba zinaonyesha mahali mtu anaweza kusimama na kurudi nyuma. Kwenye ngazi ya 1 na ya 2 nafasi bado ni kubwa.

Wala si ugonjwa wa Wazungu. Uchunguzi uliofanywa Kinshasa na kutangazwa mwaka 2009, juu ya watu 503 wa zone za afya mbalimbali, ulikuta alama za ugonjwa wa figo kwa watu 12,4 kwa mia, ni kusema karibu mmoja kwa kila nane. Wengi wao hawakujua.

Udhaifu si jina lingine la uzee

Sehemu ya pili ya habari inahusu nguvu. Mwaka 2001, munganga Linda Fried na wenzake wa Marekani walitazama wazee zaidi ya 5.000, wote wa miaka 65 na zaidi, wakapendekeza alama tano za udhaifu. Mtu amekonda bila kutaka, kama kilo 4 na nusu ama zaidi kwa mwaka mmoja. Anasikia uchovu siku nyingi. Mkono wake haubani tena kwa nguvu. Anatembea polepole. Ameacha kazi na mizunguko aliyokuwa akifanya. Mwenye tatu kati ya hizo anahesabiwa kuwa dhaifu. Mwenye moja ama mbili yuko njiani.

Udhaifu hausubiri mvi. Mwaka 2018 uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulitumia alama hizo kwa watu karibu 493.000 wenye miaka 37 hadi 73. Watu 3 kwa mia walikuwa dhaifu tayari, na 38 kwa mia walikuwa njiani. Udhaifu ulienda pamoja na ugonjwa wa sukari, unene na kufa mapema, hata kwa watu ambao hawajafika uzeeni.

Kwa nini miguu inatoa habari ya moyo na figo? Sababu ya kwanza, moyo unaochoka hautumi damu ya kutosha kwenye misuli. Ya pili, figo zikishindwa kazi, uchafu unabaki katika damu, hamu ya kula inapotea, damu inapungua, na mwili unaanza kula misuli yake wenyewe. Ya tatu inaenda upande mwingine: misuli ikipungua, lile gala la sukari limepungua pia, na sukari inabaki katika damu. Kwa hiyo ugonjwa unaleta udhaifu, na udhaifu nao unaongeza ugonjwa.

Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mnono na dhaifu kwa wakati mmoja. Tumbo limeongezeka, lakini mapaja yamekonda. Mizani inaonyesha kilo zile zile za zamani, kumbe misuli imeondoka na mafuta yamekaa mahali pake. Ni hatari ambayo jicho la jirani haliwezi kuona.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza uko katika kipimo cha damu kinachoitwa kreatinine, ambacho munganga anatumia kwa kujua kazi ya figo. Kreatinine inatoka kwenye misuli. Bibi aliyekonda, mwenye misuli kidogo, anatoa kreatinine kidogo. Karatasi ya laboratware inaweza kuonyesha namba nzuri wakati figo zake zimechoka. Kwa mtu kama huyo, munganga anahitaji kujua umri wake na namna amekonda, na kutazama pia albumini katika mikojo.

Mtego wa pili unadanganya jamaa nyingi. Muzee ametumia dawa ya sukari miaka mingi. Siku moja sukari yake inaanza kushuka yenyewe, tena inashuka mpaka anatetemeka na kutoka jasho. Watu wanashangilia: "Sukari imepona!" Lakini figo ndizo zinasaidia kuondoa insulini mwilini. Zikishindwa, insulini inakaa muda mrefu na sukari inaanguka. Badala ya kupona, inaweza kuwa figo zinaaga. Mtu huyo asisherehekee, wala asijikatie dawa mwenyewe. Aende kwa munganga upesi ili vipimo vifanywe na dawa ipangwe upya.

Njaa ya utoto haisahau

Kwa mashariki mwa Congo kuna sura nyingine ambayo haisemwi sana. Mtoto aliyezaliwa na kilo chache anaweza kuwa na vichungi vya figo vichache tangu kuzaliwa. Na mtoto aliyeumizwa na njaa kali, mwili wake unajifunza kubana akiba. Akiwa mkubwa na chakula kikipatikana, mafuta yanakimbilia tumboni.

Lwiro, katika Kabare, Sud-Kivu, ni mahali ambapo jambo hilo limetazamwa kwa karibu. Watafiti waliwatafuta watu waliotibiwa huko utotoni kwa utapiamlo mkali kati ya mwaka 1988 na 2007, wakawalinganisha na wenzao wa umri ule ule ambao hawakuugua hivyo. Wengi walikuwa vijana wa miaka 20 na kitu. Waliopita katika njaa walionekana na sindromu ya metaboliki zaidi, na mafuta ya tumbo zaidi. Hawa si watu walioshiba maisha yao yote.

Katika eneo ambako watoto wengi wamekulia katika vita na kukimbia, habari hiyo inageuza swali. Kijana mwembamba wa jana, leo mwenye kazi ya ofisi, sukre mbili kwa siku na motari ya kumpeleka kila mahali, hapaswi kujilinganisha na jirani aliyekula vizuri tangu utoto. Yeye apimwe mapema zaidi. Vivyo hivyo mama aliyepata tansyo kali wakati wa mimba, na mtu anayeishi na virusi vya ukimwi, kwa sababu moyo na figo zao ziko katika hatari zaidi.

Vipimo vya nyumbani na vya kituo

Kipimo cha kwanza ni kamba. Mtu akate kamba yenye urefu wake kuanzia kisigino hadi kichwa, aikunje mara mbili, kisha aizungushe kiunoni karibu na kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Kamba ikishindwa kufika, kiuno kimepita nusu ya urefu wake, na hiyo ni alama ya mafuta ya tumbo.

Kipimo cha pili ni mwendo. Metre nne zipimwe kwa riboni ya fundi wa nguo, mtu atembee kwa mwendo wake wa kila siku, na mwingine atazame saa ya telefone. Akipita sekunde 5, mwendo umepungua. Kipimo cha tatu ni kiti. Mtu akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano. Akipita sekunde 15, nguvu ya mapaja ni ndogo. Kwa muzee, mtu asimame karibu naye asianguke.

Vipimo vingine vinafanyika kwenye kituo cha afya: tansyo, sukari mbele ya kula, na mikojo. Kijikaratasi cha mikojo ni kile kile ambacho wamama wengi wanakijua kutoka CPN, wakati wa mimba. Rangi ikionyesha proteini, kipimo kinarudiwa siku nyingine, kwa sababu homa ama kazi ngumu vinaweza kuibadilisha kwa muda. Ugonjwa wa figo wa kudumu unasemwa kama alama zimekaa zaidi ya miezi mitatu. Mwenye tansyo ama sukari apime mikojo na kreatinine angalau mara moja kwa mwaka.

Kinachoweza kufanyika

Mwenye tumbo na mwenye udhaifu hawapewi shauri moja. Mwenye tumbo kubwa na nguvu za kutosha apunguze sukre, pombe, mkate mweupe na mafuta ya kukaanga, na bugali ipungue kwenye sahani ili majani na maharagwe viongezeke. Mzee aliyekonda asiambiwe kupunguza chakula. Yeye anahitaji proteini: maharagwe, soya, ndakala, sambaza, mayai. Kama figo zake zimeumia tayari, munganga aseme kiasi, na amweleze pia juu ya makemba na matunda.

Chumvi ni ya wote. Shirika la afya la dunia, OMS, linashauri chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mkubwa, karibu kijiko kidogo cha chai kimoja kwa vyote vilivyokuliwa siku nzima. Kube za mchuzi na makayabo vinaingia katika hesabu hiyo. Makayabo yalowekwe na maji yabadilishwe mara kadhaa.

Misuli nayo inarudi ikitumiwa, hata kwa miaka 70. OMS inashauri mtu mkubwa apate angalau dakika 150 kwa juma za mwendo unaopandisha pumzi, na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa juma. Anayeshuka mlima wa Bukavu kwa miguu asubuhi badala ya kupanda motari ameanza tayari. Mahali usalama hauruhusu kwenda shamba ama kutembea mbali, kusimama na kukaa kwenye kiti mara 10, asubuhi na jioni, ni mazoezi ya kweli. "Mumuache apumzike" ni shauri linalomaliza misuli ya mzee, isipokuwa munganga ndiye aliyesema.

Kuna vitu ambavyo figo hazivumilii. Dawa za uchungu kama diklofenake na ibuprofene, zinazonunuliwa kidonge kwa kidonge sokoni na kumezwa kila siku juu ya mgongo ama magoti, zinaumiza figo, zaidi kwa wazee na wenye tansyo. Sabuni na krème za kujichubua zenye merkure nazo zinaharibu vichungi. Dawa za kienyeji ambazo hakuna anayejua kilicho ndani yake zina hatari ile ile. Sigara inakaza mishipa ya moyo na ya figo kwa pamoja.

Dawa ya tansyo si ya kumaliza boksi moja na kuacha. Ikiwa namba imeshuka, ni kwa sababu dawa inafanya kazi. Lakini mzee dhaifu anayesikia kizunguzungu akisimama amwambie munganga, kwa sababu kipimo cha dawa kinachomfaa mtu wa miaka 50 kinaweza kumwangusha mtu wa miaka 75.

Yule papa na yule bibi wa avenyu moja wanaweza kufika kituo cha afya siku moja, mmoja juu ya kiuno chake, mwingine juu ya miguu yake. Watafungwa kitambaa kile kile cha tansyo mkononi na kupewa kikopo kile kile cha mikojo. Papa anaweza kurudi na shauri la kupunguza sukre na kutembea. Bibi anaweza kurudi na dawa, chakula cha kuongeza na zoezi la kiti. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Mashini ya dialize inaomba asubuhi tatu kila juma, bila mwisho.